Darubini ya Kompyuta: Ununue Waya Gani, wa Siriali au wa USB?

Stendi ya darubini yenye mota haihitaji kasi kubwa. Laptopu huiuliza imeelekea wapi, nayo hujibu kwa herufi chache tu, na biti 9600 kwa sekunde zinatosha na kubaki, hata kwa siriali, ile njia ya zamani ya kutuma data biti moja baada ya nyingine. Kwa hiyo muuzaji akiisifia USB kwa kasi yake, mwambie kasi ni ya kamera. Kwenye stendi lipia muunganisho usiokatika saa nane usiku. Mimi nazipanga njia hizo hivi, kuanzia iliyo bora.

1. Waya wa USB unaoingia moja kwa moja kwenye stendi

Kwa wenye HEQ5 au EQ6 za Sky-Watcher, huu ndio wa kwanza, mradi uwe na chipu ya kampuni ya FTDI, inayotafsiri kati ya USB na siriali. Wauzaji huuita EQDIR. Rimoti ya stendi unaiweka kando, na laptopu inaendesha mota kupitia programu ya EQMOD. Angalia jina la stendi kabla ya kulipa: HEQ5 ina tundu kama la waya wa intaneti, EQ6 ya zamani ina tundu la pini 9. Hilo la pini 9 linafanana na la siriali ya kompyuta, lakini umeme wake ni wa volti 5, ilhali RS-232, yaani siriali ya kawaida ya kompyuta, hufika hata volti 12, chanya na hasi. Tafadhali, usichomeke hapo waya wa kawaida wa siriali. Unaweza kuunguza bodi, na bodi si bei ya waya. EQ6-R yenye tundu lake la USB inatumia waya ule ule wa printa.

2. USB kwenye rimoti

NexStar+ ya Celestron na SynScan V5 zinayo. Ni njia rahisi na ya bei nafuu. Ndani ya rimoti bado ni siriali, chipu tu ndiyo inayotafsiri. Tundu la NexStar+ ni dogo, kwa hiyo funga waya kwenye mguu wa stendi usije ukavutwa.

3. Siriali pamoja na adapta ya kuigeuza kuwa USB

Rimoti za zamani hazina njia nyingine, lakini usiidharau: RS-232 huvuka mita 15, USB 2.0 huishia mita 5. Ukitaka kukaa ndani darubini ikiwa uani, refusha upande wa siriali, adapta ibaki kwenye laptopu.

4. Adapta isiyotaja chipu yake

Usinunue. Nyingi zina chipu bandia zinazojifanya za kampuni ya Prolific, na draiva mpya za Windows huzikataa na kuonyesha hitilafu namba 10.

Waya wowote utakaochagua, uchomeke kwenye tundu lile lile la laptopu kila mara. Ukiuhamisha, Windows inaweza kuupa namba nyingine ya COM (jina ambalo Windows hulipa tundu la siriali), na programu isiione stendi.