Aproni ya zipu na vifungo kwa mgonjwa wa kusahau
Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, na kila jua linapoelekea kuzama hupatwa na fadhaa, akazunguka nyumba nzima akishikashika vitasa vya milango na kuvuta nyuzi za nguo yake mpaka inafumuka. Ndiyo maana nilinunua aproni hii iliyoshonewa zipu, vifungo vikubwa, kamba za kufunga na mfuko wa kitambaa laini, ingawa nilikuwa na mashaka, kwa kuwa ilifanana mno na kitu cha mtoto mdogo. Siku ya kwanza aliitupa. Siku ya tatu niliketi kando yake nikaifungua zipu bila kusema neno. Akaifunga, akaifungua tena, na kwa takriban dakika 20 hakuniomba nimrudishe kwao. Mikono hukumbuka kazi iliyoizoea hata pale majina ya watoto yanapopotea. Kasoro kubwa ni kwamba kifungo kimoja kiling'oka ndani ya wiki mbili, jambo la hatari kwa mgonjwa anayetia vitu kinywani, hivyo nimevishona vyote upya kwa uzi mnene. Inafuliwa kwa urahisi. Ningependa tu watengenezaji wachague rangi za watu wazima.