TAHADHARI: Wakala wa hisa anayekuletea taarifa aliyoichapisha mwenyewe

Wenzangu mnaonunua hisa kupitia mawakala, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna kampuni ya udalali hapa Nairobi, jina nalihifadhi kwa kuwa malalamiko yako mbele ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Wakala wake hupita kwenye vyama vya akiba na vikundi vya wastaafu akiwa na suti na fomu mkononi. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alimwamini. Kila baada ya muda aliletewa karatasi safi yenye nembo na muhuri: hisa 6,000. Tulipoomba taarifa ya akaunti yake ya CDS, yaani akaunti ya kuhifadhia hisa, kutoka CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za hisa, zilikuwemo 400. Nyingine ziliuzwa na hajatia sahihi popote. Alipouliza, jibu likawa, "Mama, sistimu iko chini, subiri kidogo."

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Karatasi ya dalali inaonyesha anachotaka uone. Hisa zako zimeandikwa CDSC, na huko ndiko kwa kuulizia. Omba taarifa yako huko, na jiandikishe upate ujumbe wa simu hisa zikiguswa.

Usiniambie "lakini wana leseni". Francis Thuo & Partners walikuwa na leseni, wakaporomoka 2007. Nyaga Stockbrokers walikuwa nayo pia, wakawekwa chini ya msimamizi Machi 2008, wiki chache tu kabla ya hisa za Safaricom kuanza kuuzwa kwa umma. Enzi hizo soko la hisa lenyewe lilikuwa mali ya madalali, yaani fisi kakabidhiwa bucha. Umiliki huo ulibadilishwa 2014, na CMA sasa ina meno zaidi, lakini haikai ofisini kwa dalali wako kila asubuhi. Na ule mfuko wa fidia kwa wawekezaji? Mwisho wake ni shilingi 50,000 kwa mtu mmoja. Ukiwa na hisa za laki tano, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo jina la kampuni litafute kwenye orodha ya CMA, na jina la wakala uliulizie makao makuu ya kampuni, si kwa nambari aliyokupa yeye. Pesa ziingie Paybill au akaunti ya benki ya kampuni. Akikwambia "nitumie kwa simu yangu nikuwekee haraka", ondoka. Ukiuza, malipo ya hisa hukamilika siku ya tatu ya kazi. Wiki zikipita ukipigwa danadana, usingoje nyingine: andika barua kwa kampuni, nakala kwa CMA, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Meseji za M-Pesa usizifute.

Shangazi sasa anapigiwa simu kila jioni aondoe malalamiko ndipo alipwe nusu. Mkiletewa karatasi ya kuondoa malalamiko namna hiyo, msitie sahihi.