Barua pepe na WhatsApp: nimezipima kwa kasha moja

Mimi ni fundi wa makasha na milango ya nakshi, karakana yangu ipo Mkunazini, Mji Mkongwe. Barua pepe naitumia tangu 2008, zama za kulipia intaneti kwa nusu saa. WhatsApp alinitilia mpwa wangu, nikaizoea kuliko chai. Watu wanasema email imeshakufa, imebaki kwa wazee na maofisi. Na mie nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka simu yangu ilipoingia maji.

Ilikuwa bandarini Malindi, napanda boti ya Pemba, mzigo mkono huu, simu mkono ule. Chubwi! Laini niliirudisha siku ya pili, WhatsApp ikafunguka: magrupu yote yapo, la ukoo, la msikiti, la mafundi, lakini ndani hamna hata neno. Nakala ya mazungumzo ipo Google, na Google inataka email na neno la siri. Email ipi? Ile aliyonifungulia kijana wa duka siku niliponunua simu, kwa jina alilolitaka yeye na neno la siri analolijua yeye. Nilipomrudia alinitazama kama nimekwenda kumdai mahari. Waulizeni jamaa zenu, wengi wana email ya namna hii na wala hawajui kama wanayo.

Kwa kuleta kazi, WhatsApp haina mfano. Mgeni anapita, anapiga picha kasha, akifika kwao anatuma ujumbe, namjibu patasi ipo mkononi. Bei tunaelewana kabla ya alasiri. Tatizo ni picha: ukiituma kikawaida inabanwa, waridi la nakshi linakuwa kabichi. Itumeni kama dokumenti, itafika kama ilivyo. Na zile tiki mbili za buluu! Mteja keshajua umesoma, huna raha hata ukiwa unakula.

Email haina mwenyewe mmoja. Tangu mhandisi wa kompyuta Ray Tomlinson alipoituma ya kwanza kule Marekani mwaka 1971 na ile alama yake ya @, imefika mahali mwenye Yahoo anamwandikia mwenye Gmail na hakuna anayeuliza. WhatsApp ina mwenyewe, kampuni ya Meta, wakati ule ikiitwa Facebook. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo ya kampuni hiyo ilizimika, ikawa kimya dunia nzima kwa kiasi cha saa sita, na email zinakwenda kama kawaida.

Sasa nisikilizeni. Simu imezama, na nina oda ya bibi mmoja wa Hamburg. Nikaingia kwenye ile email yangu ya 2008 kwa kompyuta ya mpwa wangu, neno la siri ninalo kichwani. Oda hii hapa, na mchoro wake: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 55. Alhamdulillahi. Nikakata msaji, nikachonga, nikapiga misumari ya shaba, nikampelekea picha. Akaniuliza, mbona kimo si 45? Litakaa chini ya dirisha. Na kweli aliniambia, kwa ujumbe wa sauti, wiki moja kabla ya ile safari ya Pemba. Mie nilishasahau, na sauti yenyewe ipo chini ya maji Malindi.

WhatsApp naipa nyota 4. Email nayo 4. Fundi 2.

Siku hizi sigusi msumeno mpaka vipimo vya mwisho viandikwe kwa email, hata kama tumeshazungumza usiku kucha. Mpwa wangu ananicheka. Yeye email yake haandikii mtu. Anaifungua kuchukua namba za kuingilia programu nyengine, na alipoomba chuo. Kwake imekuwa ufunguo, na nadhani kwa vijana huko ndiko inakokwenda.

Lile kasha la kimo 55 bado lipo karakana. Mwenye dirisha lililo juu zaidi aje. Bei kwa WhatsApp.