Make Way for Tomorrow kwenye Blu-ray: muvi ya 1937 iliyotunyamazisha sebuleni

Wadau naomba niongelee hii diski maana nimeiangalia wiki tatu zilizopita na mpaka leo haijanitoka kichwani. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Marekani akaniletea Blu-ray ya Make Way for Tomorrow, toleo la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa upya muvi za zamani, mimi nikaitupa kabatini karibu mwaka mzima kwa sababu kiukweli muvi ya 1937, bleki endi waiti, habari ya wazee wawili, hamna staa hata mmoja ninayemjua, nani anaanza nayo? Siku bando imeisha ndo nikaikumbuka.

Stori yenyewe fupi. Mzee Bark na mkewe Lucy, ndoa ya miaka 50, wanawaita watoto nyumbani, watu wamekaa wanapiga stori halafu mzee anatoboa kwamba benki inachukua nyumba na siku zilizobaki ni za kuhesabu. Watoto watano, mmoja yuko mbali California, na hao wengine hakuna anayeweza kuwabeba wote wawili. Basi mama anaenda kwa George New York, baba anapelekwa kwa binti yao Cora, mji mwingine kabisa, wanaambiwa ni kwa muda tu. Hiyo "kwa muda tu" sisi wote tunaijua.

Mimi mama yangu anakaa kwa zamu, miezi mitatu kwangu Tabata, miezi mitatu kwa kaka Morogoro, na siku hiyo zamu ilikuwa kwangu. Kiingereza hakimpandi kwa hiyo nikawa namtafsiria kila mstari. Tukafika pale mke wa George, Anita, anafundisha watu karata za bridge hapo hapo nyumbani ili apate hela kidogo, sebule imejaa wageni wamependeza, na bibi kakaa kwenye kiti chake cha kubembea kinalia kwii kwii watu wanageuka. Mara simu inaita, ni mzee. Bibi anaipokea kwa sauti ile ya juu wanayoongea wazee wetu kwenye simu, kama vile anamwita mtu ng'ambo ya mto, wageni mwanzo wanaona kero halafu taratibu wote wanakuwa kimya, hakuna anayejua aangalie wapi. Nikafungua mdomo kutafsiri, mama akanigusa mkono, "nyamaza, naelewa." Tangu hapo sikutafsiri tena.

Kinachonifanya niiheshimu hii kazi ni kwamba humu ndani hakuna mtu mbaya. Cora ana ukali wake sawa, lakini Anita mimi namwelewa kabisa, nyumba ndogo, kazi, binti wa kumlea, halafu mama mkwe anakaa katikati ya wateja wako, ungefanyaje? Unamhurumia bibi na dakika hiyo hiyo unamhurumia mkwe. Leo tungepewa mkwe mchawi na muziki wa kuogofya ili tujue wa kumchukia. Aliyeongoza ni Leo McCarey, huyu ni mtu wa vichekesho, alikuwa mmoja wa waliowakutanisha wale wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, na nadhani ndo maana anajua sekunde gani ya kukaa kimya. Kuna sehemu George anaingia kumwambia mama habari ya makao ya wazee, maneno yamemkwama, na mama alishaiona barua, basi anamwahi na kujifanya kuhamia huko ni wazo lake mwenyewe ili mwanae asipate tabu ya kulisema. Hapo mimi nilitoka nje kidogo.

Halafu ukishakata tamaa muvi inageuka. Wazee wanapewa saa chache za kuwa pamoja New York kabla mzee hajapanda treni, wanarudi kwenye hoteli waliyofikia walipooana, watu baki wanawahudumia vizuri kuliko watoto wao. Wanaingia kucheza, bendi inapiga rumba, wanasimama pale katikati hawajui miguu iende wapi, kiongozi wa bendi anawaona na kuubadilisha muziki kuwa waltz, dansi ya taratibu ya enzi zao. Hakuna anayesema neno. Mwisho siusemi, ila studio ya Paramount walitaka mwisho wa kufurahisha, McCarey akakataa, muvi haikuuza na wakaachana naye. Mwaka ule ule alitoa nyingine ya vichekesho, The Awful Truth, ikampa Oscar, na alipoishika akawaambia wamempa kwa muvi isiyo yenyewe. Baadaye Wajapani ndo walichota humu, Tokyo Story ya 1953 ya mwongozaji Ozu imeanzia hapa.

Beulah Bondi anayecheza bibi hakuwa amefika hata miaka 50, aisee, na anayecheza mwanae George alizidiwa naye miaka michache tu. Angalia anavyokunja mikono.

Sasa diski. Picha ni safi kwa umri wake, mikwaruzo ipo kidogo, sauti ni ya spika moja ila kila neno linasikika, na kuna maandishi ya Kiingereza chini. Picha inakaribia mraba hivyo pembeni kutakuwa na weusi, usiivute kwa rimoti ijae skrini, utawafanya wote wanene. Kuna mahojiano mawili, ya mwongozaji Peter Bogdanovich na mkosoaji Gary Giddins, la Bogdanovich usilikose, na kitabu kidogo cha makala ndani. Bei yake ya dukani kule ni dola 39.95, laki moja ya huku, ni hela nyingi sibishi. La muhimu zaidi, Blu-ray hufungwa kwa kanda za dunia, hii ni ya kanda A na Afrika tuko kanda B, deki yangu inasoma zote ila ya kawaida itaikataa, kwa hiyo ukiagiza tafuta toleo la Uingereza linaloitwa Masters of Cinema. Kilichoniudhi ni Louise Beavers, mwigizaji mweusi mzuri sana, humu kapewa uhausigeli tu na vimistari viwili vitatu, ndo Hollywood ya wakati ule ilivyokuwa lakini inauma kuiona.

Jumamosi iliyopita mama kaniomba nimuwekee tena. "Anzia pale wanapocheza," kaniambia, "ukifika stesheni zima."