Mipira ya mazoezi ya kuvuta, nimeitumia miezi mitano nyumbani ndo nakuja kuisemea

Hii mipira ninayo tangu mwezi wa pili kwa hiyo sio ile rivyuu ya mtu kafungua boksi jana. Nilinunua Kariakoo, seti ya mitano ya duara ile mifupi unayovaa mapajani elfu 15, na mmoja mrefu wenye vishikio elfu 20. Jumla elfu 35, wakati jimu ya karibu na kwangu Tabata ni elfu 50 kwa mwezi na nauli juu, na mi nina mtoto wa miaka miwili narudi kazini saa moja usiku, jimu naenda saa ngapi?

Kilichonipeleka kuinunua ni kwamba mwaka jana nilijinyima sana, nakula mara moja kwa siku, nikashuka kilo 7 chapchap watu wakanisifia. Ila mikono ililegea, ngazi za ofisini ghorofa ya tatu nafika nahema, na baada ya miezi mitatu kilo zote zikarudi. Nesi mmoja kliniki ndo alinielewesha, akaniambia dada ukijinyima bila kuutumikisha mwili hayaondoki mafuta peke yake, na misuli inaondoka, na misuli ndo inakula nguvu hata ukiwa umelala. Hakuniambia nikanyanyue vyuma. Aliniambia tafuta kitu chochote kinachokupa ubishi, ukifanye mpaka mwili uchoke kweli.

Na hapo mipira inafanya kazi jamani, sio utani. Navaa ule wa kijani juu kidogo ya magoti, naweka stuli ya jikoni nyuma yangu, nashuka taratibu nahesabu moja mbili tatu mpaka nigusie tu stuli, napanda. Huku unausukuma mpira nje usikuvute magoti ndani. Ya kumi na mbili nyonga zinawaka moto, ya kumi na tano mapaja yanatetemeka, hapo ndo penyewe. Ukiona unafika 20 huku unapiga stori na mtu, huo mpira ushakuwa mwepesi, hamia rangi inayofuata au punguza spidi. Uzito mwepesi unajenga misuli vizuri tu ilimradi ufike pale ambapo zimebaki mbili tatu ushindwe. Watu wengi wanakosea hapa, wanarukaruka nusu saa wanatoka jasho wanadhani wamemaliza.

Napiga tizi jumatatu, jumatano na jumamosi, dakika 30 mtoto akishalala. Shirika la Afya Duniani wanasema angalau siku 2 kwa wiki kwa mazoezi ya misuli, na juu yake dakika 150 za kutembea kwa haraka au mfano wake, hizo nazipata kwa kushuka kituo kimoja kabla.

Sasa ubaya wake. Kwanza muuzaji aliniambia ule mweusi ni kilo 30. Sio kweli, umeandikwa 30 paundi, ambayo ni kama kilo 13 na nusu, na hiyo unaipata ukiuvuta sana, ukiuvuta kidogo hauna uzito wowote. Ule wa njano wiki ya pili tu ulikuwa hauna kazi tena, nimempa mama anyooshee mabega.

Pili, wa bluu ulikatika mwezi wa pili wa kuutumia, puu! katikati ya zoezi, alama ya paja ilikaa siku tatu. Nikaurudisha dukani, kijana akanionyesha kibao mali ikishauzwa hairejeshwi, basi. Kumbe kosa ni mafuta ya nazi, nilikuwa natoka kuoga napaka miguu yote halafu naivaa, na mafuta yanaozesha huu mpira wa utomvu, jua pia. Nilikasirika kwa sababu neno moja tu la muuzaji lingeniokoa na angekuwa na mteja mpaka leo. Siku hizi navaa juu ya taitsi, nikimaliza nafuta jasho, napaka poda kidogo nahifadhi kabatini. Na kila kabla ya kuanza nauvuta dirishani kwenye mwanga, ukiona vimistari kama udongo uliopasuka, tupa.

Ule mrefu nafunga kwenye nondo za dirisha nauvuta kuja kifuani, mgongo wangu umenyooka mpaka mume wangu kaona. Nondo zina makali ya kuchomelea kwa hiyo zungushia kwanza khanga iliyochakaa, na usikae uso umeelekezwa moja kwa moja kwenye mpira.

Baadaye niliongeza ya kitambaa, elfu 12. Haijikunji kama chapati pajani na hainuki. Kama hela yako ni ya kitu kimoja, chukua hiyo. Na kama hela hakuna kabisa, dumu la lita 5 lenye maji ni kilo 5, jaza mchanga inakaribia 8, anza nalo.

Matokeo: mwezi wa kwanza na nusu mzani ulisogea kilo moja tu, nilitaka kuacha. Bahati nilikuwa napima na futi kamba ya fundi cherehani, kiuno kilikuwa sentimita 104 kikafika 100. Leo ni 95, na kilo zimetoka 88 mpaka 81. Chakula nacho nilibadili, wali nusu sahani, kila mlo kuna maharage, mayai au dagaa, kushinda njaa nimeacha.

Mwenye mimba au presha amuulize daktari wake kwanza, na usibane pumzi unapovuta.

Mipira naipa 4 kati ya 5, duka 2. Ukienda kununua uivute palepale dukani mara tatu nne uiangalie kwenye mwanga, na muuzaji akikataa nenda duka la pili, yako mengi.