Mbegu ya ngano ya kununua Nyanda za Juu Kusini: protini, mavuno na faida

Mkulima wa Makete, Umalila, Njombe au Mufindi anayekwenda kununua mbegu ya ngano kabla ya kupanda mwezi Februari au Machi huulizwa dukani swali moja tu: anataka kilo ngapi. Swali lililo kubwa zaidi, yaani ngano hiyo atamuuzia nani, haliulizwi, ilhali ndilo linaloamua ni mbegu gani itakayomlipa. Mwongozo huu unapanga mbegu zinazopatikana kwetu kuanzia ile ninayoipendekeza kwanza hadi ile ambayo ningemsihi mkulima aiache, na umepangwa kwa kuangalia fedha inayobaki mkononi baada ya mavuno.

Ngano ya kuoka mkate hutakiwa kuwa na protini ya asilimia 12 hivi au zaidi, kwa sababu protini ndiyo inayojenga gluteni, ule mnato unaoshika hewa ya hamira na kuufanya mkate uumuke. Ngano ya biskuti hutakiwa iwe laini, yenye protini ya asilimia 8 hadi 10, na unga wa chapati na maandazi huwa katikati ya hizo mbili. Tatizo ni kwamba protini na mavuno huvutana: nitrojeni ileile ikigawanywa katika punje nyingi zilizojaa wanga, kila punje hubaki na protini kidogo. Tuchukue mfano wa ekari moja. Aina ya kwanza ikitoa magunia 10 ya kilo 100 yenye protini ya asilimia 13, umevuna kilo 130 za protini. Aina ya pili ikitoa magunia 12 yenye asilimia 10.5, umevuna kilo 126. Kwa mnunuzi anayepima protini, aina ya kwanza ndiyo yenye thamani. Kwa mnunuzi anayeweka gunia kwenye mizani na kulipa kwa kilo, aina ya pili imekupa magunia 2 ya ziada ambayo hakuna atakayekulipa usipokuwa nayo. Kwa hiyo safari ya kwanza si ya dukani bali ya kwa mnunuzi, iwe ni kinu, kiwanda cha mikate au mfanyabiashara wa mjini, ili kumuuliza anapima nini na analipia nini.

Hata hivyo kipo kigezo kinachotangulia protini na mavuno, nacho ni ukinzani dhidi ya kutu, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani na mashina ya ngano. Ubaridi na ukungu wa milima yetu huifaa ngano, lakini huifaa kutu vilevile, hasa kutu ya njano. Kutu ya shina ni hatari zaidi: kizazi chake kinachoitwa Ug99, kilichotambuliwa Uganda mwaka 1999, kilithibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2009, na kilivunja kinga ya jeni iitwayo Sr31, iliyokuwa imetegemewa na aina nyingi za ngano duniani. Ndiyo maana aina iliyosimama imara enzi za baba inaweza kuanguka leo bila mkulima kukosea chochote. Naongeza jambo moja ambalo hupotosha wengi: punje zilizosinyaa kwa kutu zinaweza kuonyesha asilimia kubwa ya protini, kwa kuwa wanga haukuingia, lakini zikisagwa hutoa unga mchache na pumba nyingi, na msagaji anajua hivyo.

Nafasi ya kwanza, basi, naipa mbegu iliyothibitishwa ya ngano ngumu ya mkate, yenye punje nyekundu, shina fupi na ukinzani wa kutu unaothibitishwa na watafiti kwa sasa. Wekundu una faida yake kwetu: ngano nyeupe huchipua kirahisi zaidi ikiwa bado shambani, na mvua ikichelewa kuisha, ngano iliyoanza kuchipua hutoa unga unaooka mkate wenye utelezi ndani. Ufupi wa shina nao ndio unaokuruhusu kuweka mbolea ya kutosha bila ngano kulala chini. Aina fupi zinazolimwa sehemu nyingi za dunia zina chimbuko katika kazi iliyofanywa Mexico na mtafiti wa ngano Norman Borlaug, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1970. Majina ambayo wakulima wa huku wameyazoea, kama Juhudi na Sifa, yasichukuliwe kuwa dhamana ya milele. Fika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Mbeya, uulize ni aina zipi zinazostahimili kutu msimu huu kwa mwinuko wa kijiji chako. Ukinunua, chukua mfuko uliofungwa wenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Msimu mmoja nilikubali kupimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, na shamba likatoa masuke marefu na mafupi, yenye ndevu na yasiyo na ndevu, yakakomaa kwa nyakati tofauti, na mnunuzi akanipunguzia bei kwa haki.

Mbegu hii inastahili nafasi yake kwa sharti la kulishwa. Aina huleta uwezo wa protini, lakini protini yenyewe hutengenezwa na nitrojeni. Tani moja ya ngano yenye protini ya asilimia 12 huondoka shambani na nitrojeni ya kilo 21 hivi, na mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23, ambazo mmea hauzipati zote kwa sababu nyingine huoshwa na mvua au hupotea hewani. Anayelenga magunia 10 kwa ekari kwa mfuko mmoja tu, katika udongo uliochoka, amenunua ngano ya mkate na atavuna ngano ya chapati. Gawanya mbolea: sehemu kubwa wakati ngano inatoa machipukizi, ambayo huongeza mavuno, na sehemu iliyobaki suke linapokaribia kutoka, ambayo huongeza protini. Mwenye udongo wenye tindikali kali, kama ilivyo sehemu nyingi za Njombe, aanze na kupima udongo na kuweka chokaa ya kilimo, kwa maana alumini katika udongo wa namna hiyo hudumaza mizizi ya ngano.

Nafasi ya pili ni mbegu ya kuazimiwa ubora, inayozalishwa na wakulima waliosajiliwa na kukaguliwa, na kuuzwa karibu na inakozalishwa. Bei yake huwa nafuu, nawe unaweza kulitembelea shamba lenyewe ngano ikiwa imesimama, jambo ambalo naliona kuwa ukaguzi bora kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Nafasi ya tatu naipa mbegu ya nyumbani, na hapa natofautiana na wanaoilaumu moja kwa moja. Ngano si kama mahindi chotara. Ua lake hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu iliyohifadhiwa hubaki na sifa za mama yake kwa misimu kadhaa. Hesabu ni hii: ekari moja huhitaji kilo 40 hadi 50 za mbegu. Ikiwa mbegu ya dukani inauzwa mara 3 ya bei ya ngano ya kawaida, kilo 50 zinakugharimu sawa na kilo 150 za ngano, yaani umelipa gunia moja zaidi ya yule aliyetoa mbegu ghalani kwake. Mbegu mpya ikikuletea zaidi ya gunia hilo, imelipa, isipokuletea, haijalipa. Kwa shamba safi, msimu wa pili na wa tatu wa mbegu ya nyumbani mara nyingi hushinda hesabu hiyo. Baada ya hapo mchanganyiko huongezeka, na pia ugonjwa wa fugwe ya suke, ambao hujificha ndani ya kiini cha mbegu inayoonekana nzima kabisa. Ukiona hata masuke machache yamegeuka unga mweusi, usichukue mbegu katika shamba hilo, au itibu kwa dawa ya ukungu inayopenya ndani ya mbegu.

Aina laini zenye mavuno mengi nazipa nafasi ya nne, ingawa kwa mwenye soko la uhakika la biskuti, au kwa anayelipwa kwa kilo bila kupimwa chochote, zinaweza kupanda hadi ya kwanza. Ngano ya tambi isinunuliwe bila mkataba wa maandishi. Ngano ya kula iliyonunuliwa sokoni na kupandwa kama mbegu iko mwisho kabisa, kwa sababu hujui aina, hujui umri wala ugonjwa wake.

Vipo vipimo viwili ambavyo kila mtu anaweza kufanya nyumbani. Kata punje kwa wembe: ikiwa ndani inang'aa kama kioo, protini ni nzuri, ikiwa nyeupe kama chaki, nitrojeni ilipungua. Kisha kanda gramu 100 za unga kwa maji, acha donge litulie nusu saa, ulioshe taratibu kwenye maji hadi yasitoe weupe tena, upime mnato unaobaki. Gramu 25 hadi 30 zinafaa mkate. Watoto wa huku walikijua kipimo hiki zamani, kwani walitafuna ngano mbichi mpaka ikawa bigijii, na walijua ni shamba la nani lenye ngano inayovutika.

Nunua mbegu angalau wiki 3 kabla ya kupanda. Zifunge punje 100 katika kitambaa chenye unyevu, uzihesabu baada ya siku 7. Zikiota chini ya 85, irudishe mbegu kwa muuzaji ukiwa na risiti na mfuko wenye lebo yake.