AIDSVu: ramani ya VVU Marekani, iko vizuri sana

Kwa wanaofuatilia takwimu za ukimwi, ingieni AIDSVu jamani, tovuti ya bure inaonyesha VVU Marekani nzima mpaka ngazi ya kaunti, data ya CDC (taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa), Chuo Kikuu cha Emory ndo kinaiandaa. Unabofya kaunti unaona waliogundulika mwaka ule, na majimbo ya kusini rangi imekolea kuliko kwingine, inauma kwa kweli. Kaunti yenye wagonjwa wachache sana namba inafichwa ili mtu asijulikane, hapo heko. Ila 2020 usome kwa makini, namba zilishuka sababu korona ilikwamisha upimaji, na pia aliyegundulika leo huenda aliambukizwa miaka nyuma, hilo wangeliandika juu kabisa kwa herufi kubwa.